Wanunuzi wa kahawa Wajerumani na Wajapani, mkono tunawapaje?

KatibuKahawa
Habari zenu wakuu. Mimi ni katibu wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) huku Moshi vijijini, wiki ijayo mimi na mzee wetu mwenyekiti tunapokea wanunuzi, Wajerumani na Wajapani siku moja. Huku kwetu mtu mkubwa unampa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko, unainama kidogo na macho unayashusha, wala humbani. Sasa kuna kijana wetu katoka mjini anasema tukisalimia hivyo watatuona waoga na bei watatukandamiza. Ni kweli? Na mimi ni mwanamke, nianze kutoa mkono au nisubiri?

MtuWaHamburg
Dada, mi niko Hamburg, kahawa inashuka sana bandari hii na hawa watu nawajua. Mjerumani anakushika imara, anatikisa mara moja au mbili basi anaachia, kikubwa kwake ni macho, ukiangalia chini haoni heshima pale, anaona kuna kitu unaficha. Afu akiingia ofisini anampa mkono kila mtu mpaka anayeleta chai, na kuondoka hivyo hivyo, kwa hiyo nyie nanyi msimruke mtu. Wewe nyoosha mkono tu, usisubiri. Huku Ulaya kuna wanaolichukulia hili kwa uzito sana, Denmark tangu 2019 sheria inataka anayepewa uraia ampe afisa mkono kwenye sherehe.

Yokohama_Dar
Kwa Mjapani geuza yote hayo. Salamu yake ya asili ni kuinama, ila waliozoea biashara za nje watatoa mkono, tena laini, na hawakukazii macho. Ukimbana na kumtolea macho ndo unamkosesha raha, kwa hiyo mzee wenu na salamu yake ya Kichaga yuko salama kabisa hapo. Kama anainama subirini amalize ndo mtoe mkono, mkifanya vyote kwa pamoja mnagongana vichwa. Uzito wenyewe uko kwenye bizinesi kadi jamani!! Anaitoa kwa mikono miwili, maandishi yanakuelekea wewe, na wewe pokea kwa miwili, isome pale pale, iweke mezani mbele yako mpaka kikao kiishe. Usiitie mfuko wa nyuma, usiandike juu yake. Na anzeni na mkubwa wao kwa cheo, hata kama kijana wao ndo anaongea Kiingereza vizuri.

BintiWaPwani
Naongezea moja, kwenye msafara kama kuna mwanaume Mwislamu anayeshika dini anaweza kuweka kiganja kifuani badala ya kukupa mkono wewe mwanamke. Hajakudharau, nawe weka chako kifuani maisha yaendelee.

Mwonjaji
Mi naonja kahawa kwa kazi, naomba huyo kijana asiwatie hofu. Bei inatokana na soko la dunia na ladha ya kahawa yenu kwenye kikombe cha kuonjea, wakikuta harufu ya uchachu uliopitiliza au buni zilizokatwa na wadudu hakuna mkono utakaowaokoa. Mzee asalimie alivyolelewa ila kwa Wajerumani ainue uso, basi. Nguvu nyingine pelekeni kwenye sampuli, na maji ya kuonjea yawe safi.

KatibuKahawa
Asanteni sana, mmenisaidia mno. Kadi hatuna hata moja, kesho naenda stationery mjini nikachapishe za mwenyekiti na zangu. Yokohama, nyuma ziwe na Kijapani au Kiingereza kinatosha?

Yokohama_Dar
Kiingereza kinatosha dada, ila cheo cha mzee kionekane vizuri.