Tupeane uzoefu: kujipangia nyimbo zako mwenyewe, CD au flashi?

Wa_Milimani_Kisumu
Jana nikipanga kabati nimepata CD yangu ya 2007, nimeiandika "Safari ya Krismasi". Nyimbo 17. Niliichomesha saiba pale mjini, na kabla ya hapo nilikaa wiki mbili na karatasi nikiandika na kufuta, maana CD ni dakika 80 tu, ukizidisha wimbo mmoja kompyuta inakataa. Leo simu yangu ina nyimbo zaidi ya 2,000 na sijui upi unafuata upi. Kuna mtu bado anakaa chini akapanga? Leteni hadithi zenu.

Dereva_Nakuru
Umenigusa. Nilikuwa naendesha Nakuru–Kisumu. Rumba zile za dakika kumi kumi, CD nzima ni nyimbo nane. Inaisha kabla hatujafika Kericho, abiria wanaanza kunong'ona. Nikahamia CD ya MP3, zile nyimbo zilizobanwa ziwe ndogo, diski ile ile inabeba zaidi ya saa 10. Siku hizi flashi. Sirudi nyuma.

Binti_Kakamega
Hapo umesema. Flashi oyee!

Fundi_Kondele
Flashi sawa, lakini mnasikiliza nini? Nyimbo za kushusha bure zimebanwa mpaka gita la benga linalia kama bati. Na ukijaziwa flashi stejini, katikati ya wimbo mtu anapiga kelele za kutangaza duka lake. CD halisi haina mambo hayo.

Dereva_Nakuru
Na hizo CD zako si ulichoma kutoka MP3 hizo hizo? Kuiweka kwa diski hakurudishi kilichokatwa.

Fundi_Kondele
Nimesema CD HALISI, ya dukani. Soma vizuri, ndugu.

Mama_wa_Bungoma
Samahani wanangu, nawakatiza. Marehemu mama yangu alikuwa anaongoza kwaya kanisani kwetu. Mwaka 2009 mpwa wangu aliwarekodi mazoezini, akachagua nyimbo 12 ambazo sauti ya mama iko mbele, akachoma CD. Moja tu. Mimi kwa furaha nikachukua biki nikaandika juu yake MAMA, nikakandamiza ili isifutike. Tulikuwa tukiicheza kwa gari, ikiisha naiacha pale mbele juani.

Mama alitutoka 2014. Usiku wa matanga watu wamejaa hemani, jenereta inanguruma, kijana wa vyombo akaiweka. Wimbo wa kwanza ukaanza vizuri. Nikamsikia mama akivuta pumzi kabla ya ubeti, vile alivyokuwa akivuta. Halafu ikakwama. Ile pumzi ikarudia, ikarudia, ikarudia. Mjomba akapaza sauti, "Zimeni!" Kijana anapapasa gizani, haoni kitufe. Watu wakaanza kulia upya.

Tangu siku hiyo sijaiweka popote. Kompyuta ya mpwa wangu iliibwa. CD inakaa ndani ya Biblia yangu. Nikiielekeza kwa mwanga naona tobo dogo pale nilipoandika A.

Binti_Kakamega
Pole sana mama. Nimeshindwa kuendelea na kazi.

Mkulima_Molo
Pole. Paka dawa ya meno, sugua taratibu, suuza. Yangu ilipona.

Kijana_Busia
Mimi huweka kwa friji usiku mmoja.

Fundi_Kondele
Mama, USISUGUE, na friji achana nayo. Dawa ya meno ni ya mikwaruzo ya chini, upande unaong'aa. Nyimbo zenyewe ziko upande wa juu, chini tu ya rangi, ndiyo maana biki ilizitoboa. Lakini nisikilize. CD husomwa kutoka katikati kwenda ukingoni. Kama ni wimbo wa kwanza uliokwama, basi jeraha liko karibu na katikati. Zile nyingine mlizijaribu?

Mama_wa_Bungoma
Hapana. Tulizima tu.

Jirani_wa_Ahero
Niulize kidogo, mnisamehe mama. Flashi yangu kwa gari inaruka ovyo, ya harusi inafuata ya mazishi. Nifanyeje?

Dereva_Nakuru
Redio nyingi za gari zinafuata vile ulivyonakili. Futa zote, kisha nakili moja moja kwa mpangilio wako.

Kijana_Busia
Weka tu 01, 02 mbele ya majina.

Jirani_wa_Ahero
Niliweka namba. Haikusaidia.

Fundi_Kondele
Mama, tafuta kompyuta ya mezani, si redio ya gari. Anza na wimbo wa 12, rudi nyuma. Kila unaokubali, nakili papo hapo.

Mama_wa_Bungoma
Nimetoka saiba sasa hivi. Wa 1 na wa 2 imekataa kabisa. Wa 3 unakatika. Kuanzia wa 4 mpaka wa 12 mama anaimba. Kijana wa saiba aliniletea kiti, miguu ilikuwa imeisha nguvu. Sasa niambieni niziweke wapi, simu au flashi?

Dereva_Nakuru
Zote mbili, mama. Leo hii.

Fundi_Kondele
Na CD mpya pia, tatu, ugawie ndugu zako. Kuandika, tumia kalamu ya ncha laini, uandike pale katikati penye plastiki tupu.