Ndege ya rimoti: ikinigeukia nachanganyikiwa

Kijana wa Pasua, Moshi
Shikamooni wakubwa. Nina ndege ya foamu, betri ya volti 11.1. Ikienda mbali naimudu, ikirudi kwangu kulia kunakuwa kushoto. Nifanyeje nisije nikamuumiza mtu?

Fundi wa Njiro
Marahaba mdogo wangu. Ikija usoni kwako, peleka kijiti cha rimoti upande wa bawa lililoinama, itanyooka. Zoea kwanza kwenye simyuleta, yaani programu ya kompyuta ya kuigiza kurusha ndege. Kisha tafuta eneo wazi, mbali kabisa na uwanja wa ndege wa Moshi, na uwaulize TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, habari za kibali kabla hujarusha. Rusha asubuhi upepo ukiwa umetulia, pua ielekee upepo.

Mama Rubani, Arusha
Mwanangu, mimi nasisitiza propela, lile panga linalozunguka, maana inakata vidole kweli na watu wanaipuuza. Ili isizunguke ghafla, washa rimoti kwanza, ndipo uunge betri ya ndege. Ukimaliza, chomoa betri ya ndege kwanza. Watoto wakae nyuma yako. Wakikimbilia uwanjani usitue, zunguka juu mpaka watoke. Kwa hiyo anza kushuka chaji ikiwa bado ipo.

Kijana wa Pasua, Moshi
Asante mama, asante fundi. Huo mpangilio wa kuwasha sikuujua.