Hivi nani alimwambia yule bwana kwamba stempu hufuliwa?

Ndugu wanajukwaa, naandika hasira zikiwa bado za moto, na simtaji mtu jina kwa sababu hakuna haja: nyote mnamfahamu, ni yule yule ambaye hakuna uzi humu ndani usiopitiwa na "uzoefu" wake. Leo asubuhi uzoefu huo umeishukia stempu yangu ya rupia 3 ya Afrika Mashariki na Uganda, ile ya Mfalme George wa Tano, toleo la 1912, zambarau na kijani, iliyokuwa bado imeng'ang'ania kipande chake cha karatasi ya kifurushi pamoja na muhuri wa Mombasa uliosomeka hadi tarehe. Nilimpa aitazame. Nilikwenda kupokea simu, na niliporudi niliikuta inaelea ndani ya beseni la maji ya moto yenye povu, naye anaikoroga kwa kidole kama mtu anayepima joto la maji ya kumwogeshea mtoto, kisha akaiinua mbele ya dirisha, ikidondoka maji, akatamka kwa fahari: "Umeona? Sasa imetakata."

Imetakata! Zambarau imepauka, kijani kimegeuka manjano ya ugonjwa, na Mfalme mwenyewe amehama, ameacha taji tu kama amana. Stempu zile zilichapishwa na De La Rue wa London kwa wino uliochaguliwa makusudi uchuje, juu ya karatasi iliyopakwa chokaa laini, ili mwizi akijaribu kuosha muhuri wa posta aitumie stempu mara ya pili, picha nayo iondoke. Mtego umetegwa zaidi ya miaka 100 ukimsubiri mwizi, leo umemnasa mtaalamu wetu, tena kwa sabuni ya unga.

Na hata rangi ingesalimika, ule muhuri uliokuwa nusu juu ya stempu na nusu juu ya karatasi ndio uliokuwa na thamani, na karatasi ameitupa. "Sasa imetakata." Halafu, jamani, akanidai hela ya sabuni.

MamaKibano: Pole sana, ndugu yangu. Ila mtu anayemwachia yule bwana stempu ya rupia 3 na beseni katika chumba kimoja, naye tumweke kundi gani?

KaraniMstaafu: Kabla hatujaanza matanga, una hakika ulikuwa muhuri wa posta? Stempu nyingi za thamani kubwa za wakati ule zilibandikwa kwenye hati za serikali, na wajanja wakaziosha alama za kalamu. Tena karatasi ya chokaa hutambulika bila tone la maji: ukiigusa pembeni kwa sarafu ya fedha halisi, huacha mstari mweusi kama wa penseli.

MletaUzi: Mzee, ulikuwa muhuri wa posta. Sasa upo kwenye bomba la maji machafu.

BahashaNyekundu: Afadhali wewe umepoteza moja. Shemeji yangu alizilowesha zangu zote pamoja na bahasha nyekundu ya kadi ya Krismasi, na hadi leo nina mkusanyiko mzima wa Zanzibar wenye rangi ya juisi ya rozela.

GundiKavu: Hizo ni za zamani, mnaonewa na wino. Mimi nimeshindwa na stempu mpya za Marekani za kujibandika: nimezilaza majini usiku kucha, karatasi imekuwa uji, gundi iko pale pale.

MamaKibano: Hizo haziloweshwi, mkuu. Unakata bahasha kuizunguka stempu, unaacha ukingo, unaweka albamu.

MletaUzi: Naomba turejee kwenye mada. Alisema "imetakata" huku anatabasamu.

KaraniMstaafu: Wa Urusi ya Tsar Nicholas wa Pili walifanya ukatili zaidi, maana waliipaka karatasi mistari ya chokaa kwanza ndipo wakachapa picha juu yake. Ikilowa, inatoka na milia.

BahashaNyekundu: Maji yana nafuu, wazee. Kuna mtu humu, hata yeye simtaji, aliyeniuzia bahasha ya Lamu iliyobandikwa selotepu juu ya stempu.

GundiKavu: Selotepu?! Huyo namfahamu! Fungua uzi wake haraka, nina picha.