Moshi wa mkaa na wagonjwa wa kiharusi: manispaa ipige marufuku majiko ya barabarani?

Mwana wa Mzee: Wakuu, heshima kwenu. Baba yangu alipata kiharusi mwaka juzi, upande wa kulia haufanyi kazi na kumeza ni kwa shida. Mwezi wa sita mafua yakaingia nyumbani. Sisi wengine siku nne tukapona. Yeye kifua kilijaa, nimonia, siku kumi na moja wodini. Chini ya dirisha lake kuna banda la chipsi, jiko la mkaa linawaka kuanzia saa kumi jioni mpaka saa sita usiku. Asubuhi nikipangusa kingo ya dirisha, kitambaa kinatoka cheusi. Manispaa ipige marufuku haya majiko kwenye makazi ya watu. Hawa wakaanga chipsi hawajali mtu.

Mama Chipsi Mabibo: "Hawajali mtu"? Mwanangu, mimi nakaanga mwaka wa tisa na nimesomesha watatu. Moshi kama huo unaoingia kwa baba yako, kwangu unaanzia puani. Pole kwa mzee, lakini hilo neno lirudishe.

Mla Kwa Jasho: Mama umemjibu vizuri. Asiyetaka moshi ahamie Masaki.

Tabibu wa Zamu: Kaka, Masaki haihusiani. Chembe za moshi zenye mikroni 2.5 kushuka chini zinafika mpaka ndani kabisa ya mapafu. Zinaharibu vile vinyweleo vinavyosukuma uchafu nje, na chembe za kinga zinashughulika na masizi badala ya kirusi. Sasa mwenye kiharusi au Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka, kikohozi chake ni dhaifu, tena mate na chakula vinapotelea njia ya hewa. Mafua yaleyale, kwake ni jambo jingine. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilishusha kiwango cha mwisho cha chembe hizo hewani kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa mita ya ujazo, wastani wa mwaka.

Msomaji Tandika: Hata London mahakama ilishasema hewa chafu imechangia kifo cha mtoto, Ella sijui nani.

Tabibu wa Zamu: Ella Adoo-Kissi-Debrah, alifariki 2013, uamuzi ukatoka Desemba 2020. Ila yule alikuwa na pumu, si ugonjwa wa ubongo wala neva. Tusichanganye.

Mla Kwa Jasho: Kwa hiyo daktari unakubali ushahidi wenyewe ni wa pumu.

Tabibu wa Zamu: Nimesema kesi ile moja, ndugu. Usinilishe maneno.

Shangazi wa Gesi: Mbona hamsemi gesi? Mkakati wa nishati safi ya kupikia umetoka 2024, lengo asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034.

Mama Chipsi Mabibo: Dada, mkaa nanunua sado moja kwa hela ya leo. Mtungi wa kilo 6 unaniishia na karai likiwa motoni, wateja wamesimama. Nani ananikopesha wa akiba?

Shangazi wa Gesi: Si ujiunge na kikundi? Sisi tulichanga, kila wiki mmoja anapata mtungi.

Mla Kwa Jasho: Vikundi! Mweka hazina wetu aliondoka na mchango wote, mpaka leo simu haipatikani.

Kijana wa Buguruni: Huyo wa kwenu naye? Wa kwetu alihamia Morogoro na daftari kabisa.

Shangazi wa Gesi: Hela iwe kwenye simu, wenye namba ya siri wawe watatu. Sisi hatujaibiwa hata shilingi.

Mwana wa Mzee: Jamani, baba anakohoa hapa ninapoandika. Anajaribu mara tatu, nne, kohozi halitoki, namwinamisha mbele nimpige mgongo. Nyie mnajadili daftari. Mama, lile neno nimelirudisha, nilisema kwa uchungu. Lakini 2034 mimi siwezi kuisubiri.

Mama Chipsi Mabibo: Nimekusikia mwanangu. Huyo mwenye banda umewahi kushuka ukaongea naye? Au umekuja kutusema sisi sote huku?

Mwana wa Mzee: Sijaongea naye.

Mama Chipsi Mabibo: Kesho saa tisa, kabla hajawasha, nenda, na huyo mzee wako akae dirishani aonekane. Mwambie ahamishie jiko upande unakoelekea upepo. Jiko lina mikono miwili, linabebeka.

Kijana wa Buguruni: Na wanaochoma taka za plastiki kila jioni, nao wanabebeka?