Cheti ukutani au mkono uliozoea: nani akabidhiwe seva?

Mtoto wa Mlandege
Asalaam alaykum. Hoteli moja ya Nungwi (jina silitaji) inatafuta mtu wa kuangalia databesi za wageni: majina, pasipoti, malipo. Sharti la kwanza ni cheti cha Oracle (kampuni ya databesi) au CISSP (cheti cha usalama wa kompyuta). Kuna kijana pale keshawatunzia seva (kompyuta zinazohifadhi data hizo) miaka, hana cheti, hata barua ya kuomba kazi kaogopa kupeleka. Jee, ni haki? Na hizo data zitakuwa salama zaidi?

Karafuu Kavu
Si haki wala si usalama. Mwanzo wa 2017 wezi walipita dunia nzima kwenye databesi zinazotumia programu ya MongoDB, wakafuta kila kitu wakaacha ujumbe wa kudai bitcoin. Hawakuvunja chochote, zilikuwa wazi kwenye intaneti bila nywila. Cheti hapo kingefanya nini? Na hawa wa vyeti tunawajua: anatoka kozi Dar, anarudi Chake Chake, Pemba, anafungua ofisi kwa risala na mgeni rasmi, seva iko chini ya meza na kindoo cha maji pembeni.

Mwana-Chake
Chake imeingiaje hapa? Hoteli iko Nungwi, kindoo kiko Chake?

Ukti Hesabu
Nimekaa na wa aina zote mbili. Ofisi moja niliyopita, programu ya malipo ilikuwa inaingia kwenye databesi kwa akaunti kuu, ile inayoweza kufuta kila kitu, na nywila yake imeandikwa kwa mariki peni ubavuni mwa kompyuta. Poti 3306, mlango wa databesi kwenye mtandao, wazi kwa dunia nzima. Bakapu, nakala ya akiba, inachukuliwa kila usiku, inawekwa diski ile ile. Aliyeipanga hivyo ndo huyo mkono uliozoea. Akaja dada mwenye cheti: akafungua akaunti ya kusoma na kuandika tu, akaifunga poti isisikilize ila programu yenyewe, akachukua bakapu akajaribu kuirejesha kwenye mashine nyengine. Haikufunguka. Kumbe miezi yote ile hatukuwa na bakapu.

Karafuu Kavu
Ukti, hayo hayatoki kwenye mtihani wa kuchagua A, B, C. Alijua kwa sababu keshaungua mahala. Na mtihani wa CISSP peke yake dola 749. Huyo kijana wa Nungwi azitoe wapi, auze baskeli?

Fundi wa Amani
CISSP hupewi bila miaka 5 kazini, yakhe. Si karatasi tupu.

Mlinzi wa Usiku
Mtihani unaruhusiwa kufanya hata huna hiyo miaka, ila unabaki "associate" mpaka uitimize. Na CCNA, cheti cha mitandao cha Cisco, inakufa baada ya miaka 3, unalipa tena. Biashara hiyo.

Fundi wa Amani
Leseni nayo inakufa. Daladala ya dereva asiye na leseni utapanda?

Karafuu Kavu
Napanda kila siku, na wewe pia.

Mwana-Chake
Mie bado nasubiri jibu la kindoo. Watu wa mjini mna maneno, na nyie wa Unguja 2008 umeme ulikatika mkakaa kiza miezi mitatu, Pemba majenereta ya Wesha yanaunguruma, taa zinawaka. Seva zenu zilikuwa wapi?

Fundi wa Amani
Miezi mitatu ni Desemba 2009 mpaka Machi 2010. Usitupakazie.

Mlinzi wa Usiku
Yote mawili. 2008 ilikuwa kama mwezi mmoja, ile ndefu ikafuata. Wengine tulikuwa na mtihani skuli, tunasoma kwa kandili.

Mwana-Chake
Basi mara mbili! Ndo inazidi.

Ukti Hesabu
Rudini kwenye mada. Slammer, virusi ya kompyuta ya Januari 2003, iliingia kwenye SQL Server, programu ya databesi ya Microsoft, ikazunguka dunia kwa dakika kama kumi. Dawa yake Microsoft walishaitoa tangu Julai 2002, nusu mwaka nzima watu hawajaiweka. Mnadhani makampuni yale yalikosa wenye vyeti? Mie natetea cheti, lakini kazi ile inataka mtu asiyechoka kuapudeti. Hilo hoteli hawakuliuliza.

Karafuu Kavu
Sasa unanitetea mimi.

Ukti Hesabu
Sikutetei, kakangu. Yule wa mariki peni alikuwa anaongea kama wewe.

Mtoto wa Mlandege
Jamani, kijana apeleke barua au asipeleke? Mwisho Ijumaa.

Mwana-Chake
Apeleke. Akiitwa awaulize nani mwenye nywila ya akaunti kuu, na bakapu ilijaribiwa lini. Wakibabaika, kazi ni yake. Karafuu, kindoo?

Karafuu Kavu
Haya, nimekumbuka vizuri. Ilikuwa Wete.

Mtu wa Wete
Wete?! Nani kakwambia Wete tuna seva?