Wakuu naombeni ushauri: nimepewa cheo shamba la chai, nikubali au niondoke?

KaraniKijani (mleta uzi):
Habari za jioni wakuu, na kamwene kwa wa nyumbani. Mimi ni baba wa mtoto mmoja, nafanya kazi kwenye shamba kubwa la chai huku Mufindi, jina niachieni. Kwenye sensa ya 2022 nilikuwa karani, kwa hiyo kishikwambi kilikuwa hakinipi shida. Shamba lilipoacha madaftari wakanichukua niwe karani wa mizani. Kila mchumaji ana kadi yake. Anaweka kikapu, kadi inasomwa, kilo zinaingia zenyewe kwenye mfumo, na mwisho wa mwezi malipo yanatoka humohumo.

Juzi nimeitwa ofisini. Wanataka niwe msimamizi wa takwimu wa shamba zima. Mshahara unapanda vizuri, nahama kambini napewa nyumba ya kule juu, na pikipiki ya kazi. Upande mwingine nina shemeji Mbeya ana duka la vifaa vya simu pale Kabwe, ananiita tushirikiane. Nikubali cheo au niende mjini? Msinitukane jamani, usingizi wenyewe siupati.

MamaVitenge:
Mwanangu, cheo, nyumba na pikipiki ndivyo vinakunyima usingizi? Kuna kitu hujasema.

ParachichiBaba:
Chai inazeeka ndugu yangu. Njoo Njombe. Panda parachichi aina ya Hass, itunze, mwaka wa tatu unaanza kuona matunda. Miche iliyobebeshwa ninayo, tena ya uhakika. Njoo inboksi.

Kinyozi_Soweto:
Kabwe kodi ya fremu imepanda, mwambie shemeji akuonyeshe kwanza daftari la mauzo. Biashara ya kava za simu kila mtu anayo.

StendiKuu:
Kubali cheo haraka kabla hawajampa mpwa wa bosi. Nakwambia kwa uchungu. Mimi nilikuwa wakala wa tiketi Stendi Kuu ya Mbeya enzi za vitabu vya risiti. Abiria anashuka kwenye daladala kutoka Mwanjelwa, mguu haujagusa chini, begi lake ninalo mimi. Nilisomesha wadogo zangu wawili kwa kazi ile mnayoita upiga debe. Ikaja tiketi mtandao. Tukaitwa kikao, tukaambiwa msiogope, nyie ndio mtakaozishika hizo mashine. Mashine zilivyofika walizishika watoto ambao hata Kitonga hawajawahi kuipita. Leo mtu anakata tiketi akiwa amelala kitandani Uyole, na kweli haibiwi nauli, hilo silikatai. Ila gari likizima katikati ya mlima usiku ajaribu kuipigia hiyo simu. Zamani abiria walikuwa wanarudi kunikaba mimi, na mimi namkaba mwenye basi.

WakiliWaKijiweni:
Mleta uzi, swali moja tu. Shamba lina mfumo tangu siku nyingi na halikuwahi kuhitaji msimamizi wa takwimu. Kwa nini anahitajika sasa hivi?

KaraniKijani:
Kazi za kawaida mkuu. Ripoti, kuangalia mizani, mambo ya ofisi.

MamaVitenge:
"Mambo ya ofisi." Haya.

WakiliWaKijiweni:
Ripoti za nini?

KaraniKijani:
Sawa. Zimeletwa mashine za kuchumia, zile wanabeba watu wawili, mmoja huku mmoja kule, zinapita juu ya mstari zinakata na kujaza mfuko. Kazi ya kundi zima inaisha mchana. Kwa hiyo msimu ujao hawataongeza mikataba ya wachumaji wote. Ripoti yenyewe ni ya kuonyesha nani ana kilo chache. Lakini sio mimi ninayechagua, mfumo ndio unapanga, mimi nabonyeza tu.

Mwakaleli_Asilia:
Hiyo mashine haichagui. Mkono unachuma majani mawili na chipukizi, mashine inakomba na mabua. Kule kwetu Rungwe mama zetu wanarudishiwa jani kiwandani kwa sababu ya bua tatu, halafu shamba kubwa linapeleka mabua gunia zima. Bei ya mnadani ikishuka watasema ni soko la dunia.

Kinyozi_Soweto:
Kericho kule Kenya, Mei 2023, watu walizichoma hizo mashine. Nasema tu.

MamaVitenge:
Wewe nyoa watu, usimpe kijana mawazo ya jela.

WakiliWaKijiweni:
Tulieni kidogo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 38, haimkatazi mwajiri kupunguza watu kwa sababu ya mashine. Inachomtaka ni atoe taarifa mapema na kushauriana na chama cha wafanyakazi: sababu ni nini, kuna njia gani ya kuepuka, watu watachaguliwa kwa kigezo gani, watalipwa nini. Kigezo kinajadiliwa kabla, hakitoki kwenye kishikwambi usiku mmoja. Na hao wa msimu wasidanganywe kwamba mkataba ukiisha basi. Mtu aliyeongezewa mwaka hadi mwaka akawa na haki ya kutarajia kuongezewa tena, kumnyima kunaweza kuhesabika ni kumwachisha kazi, na ana siku 30 za kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mleta uzi, hiyo orodha umeshaitoa au bado?

KaraniKijani:
Waliniomba rasimu tu.

WakiliWaKijiweni:
Umeshaitoa?

KaraniKijani:
Niliituma Jumatatu. Jamani mngekuwa nyie mngefanyaje? Nikikataa, wanamleta mtu wa Dar anabonyeza kitufe kilekile na mimi natoka na sanduku langu. Watu wangepungua hata bila mimi. Angalau mimi nawajua kwa majina.

StendiKuu:
Kuwajua kwa majina ndiyo mbaya zaidi kaka.

Mtumishi_Ilomba:
Tusome Yakobo sura ya 5 mstari wa 4, ujira wa wavunaji uliozuiliwa unapiga kelele. Mleta uzi, funga na uombe siku tatu, utapata jibu. Cheo kinachotoka kwa Mungu hakina majuto.

ParachichiBaba:
Amina mtumishi. Na parachichi haina karani.

MamaVitenge:
Bado hujasema kinachokukosesha usingizi. Orodha umetuma Jumatatu, uzi umeuleta leo. Katikati hapo kimetokea nini?

KaraniKijani:
Mama umenishika. Ni hivi. Shamba linatoa bonasi kwa mchumaji anayevuka kilo fulani kwa mwezi. Wengi wanaishia karibu na hapo hawavuki. Kwa hiyo wawili walikuwa wanaunganisha, vikapu vya wote vinapimwa kwa kadi ya mmoja, anavuka, bonasi wanagawana. Kuna bibi mmoja, mgongo umepinda lakini mikono yake kijana hamfikii, hata miezi ile ya Juni, Julai, Agosti alikuwa anashusha kilo hamsini kwa siku. Zote zilikuwa zinaingia kadi ya binti yake. Sasa mfumo unasoma bibi ni mvivu, siku nyingi ana sifuri. Yeye ndiye wa kwanza kwenye orodha. Jana amekuja kuniuliza kama ni kweli kuna orodha.

WakiliWaKijiweni:
Na kadi zilikuwa zinaunganishwa mbele ya nani?

KaraniKijani:
Mizani ni moja mkuu.

Kinyozi_Soweto:
Hahaha. Bonasi ilikuwa inagawanywa kwa wawili au kwa watatu?

KaraniKijani:
Walikuwa wananipa ya soda. Sikuwahi kumwomba mtu. Nani hapewi ya soda nchi hii? Nilikuwa nawasaidia wapate bonasi ambayo peke yao wasingeipata. Nikisema leo kwamba takwimu si za kweli, wataniuliza nimejuaje, na kesho yake niko polisi Mafinga. Nina mtoto.

MamaVitenge:
Kwa hiyo bibi alikulipa soda ili umfute kazini.

BintiIgowole:
Samahanini wakubwa, nimesoma kimya muda mrefu nimeshindwa. Mimi nimezaliwa kambini, mama yangu amechuma chai mpaka vidole vimekuwa vyeusi havitakati. Kilo hamsini, mwezi wa saba, Mufindi? Mwezi wa saba asubuhi umande unaganda kwenye majani, chai imelala, watu wanapewa kazi ya palizi. Mleta uzi hajawahi kuvaa koti la mvua la mchumaji. Hii ni chai.

Kinyozi_Soweto:
Imechumwa kwa mkono au kwa mashine?

StendiKuu:
Sio chai huo ni ulanzi, tena wa jana.

Mwakaleli_Asilia:
Na angalieni mwandiko wake. Nukta kila mahali, herufi kubwa zimepangwa. Karani gani wa mizani anaandika hivi? Hii akili mnemba imeambiwa itunge kisa tujae.

ParachichiBaba:
Mimi nilihisi tangu mwanzo. Mtu wa kweli angeniuliza bei ya miche.

KaraniKijani:
Kwa hiyo kuandika vizuri ni kosa. Nilifundishwa na walimu, na sensa hawakutupa kazi kwa sura. Shamba letu lina sehemu za kumwagilia, ndiyo maana Julai watu wanachuma. Asiyeamini apite uzi mwingine.

BintiIgowole:
Maji hayapashi chai joto kaka. Kinachoilaza ni baridi, ukiacha kiu. Ukimwagilia, inakuja kuamka kwa nguvu kuanzia Septemba, mvua zikiwa bado. Hiyo hamsini yako ya Julai imetoka wapi?

KaraniKijani:
Sawa, hamsini ilikuwa siku moja moja, tena Agosti mwishoni. Julai ilikuwa kumi na tano, ishirini. Nilitaka muone ukubwa wa jambo. Lakini orodha kweli imetokana na Juni mpaka Agosti. Mfumo ulibadilishwa, kumbukumbu za nyuma hazikuhamia kwenye mpya, hizo ndizo walizonazo.

BintiIgowole:
Ngoja. Watu wanapimwa uvivu kwa miezi ambayo chai yenyewe haioti?

KaraniKijani:
Ndiyo.

BintiIgowole:
Basi kama ni uongo, umeutunga vizuri. Maana miezi hiyo nusu ya akina mama wanaomba ruhusa wanakwenda kuvuna mahindi yao, na wasimamizi wanawaruhusu kwa sababu jani halipo. Kwenye mfumo inaonekana nini, sifuri?

KaraniKijani:
Sifuri.

WakiliWaKijiweni:
Kisa kiwe cha kweli au cha kutungwa, hapa ndipo pa kushika. Andika barua ya nusu ukurasa kwa meneja: takwimu ulizotumia ni za miezi mitatu ya baridi, hazionyeshi siku za ruhusa, na hazifai kuwa kigezo mpaka madaftari ya zamani na msimu mzima viangaliwe. Hiyo ni kweli tupu na haikuhitaji utaje kadi. Pia ile Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyoanza kutumika Mei 2023 inampa mtu haki ya kuhoji uamuzi mzito uliofanywa na mfumo peke yake. Wewe unasema "mfumo ndio unapanga". Usiiandike sentensi hiyo popote.

KaraniKijani:
Asante mkuu. Hili nitalifanya. Nilikuwa tayari nalifikiria.

MamaVitenge:
Ulikuwa unalifikiria baada ya kuambiwa. Na huo msimu mzima ukiangaliwa, bibi atatoka sifuri? Kadi ziliunganishwa mvua na kiangazi. Barua yako itawaokoa waliokwenda kuvuna mahindi, bibi anabaki palepale, na wewe unahamia nyumba ya juu.

KaraniKijani:
Mama, siwezi kuokoa kila mtu.

MamaVitenge:
Sijasema kila mtu.

StendiKuu:
Huyu bibi ana binti mwenye kadi nene. Waende wote wawili ofisini waseme tulikuwa tunapima pamoja, kama familia. Karani asitajwe.

WakiliWaKijiweni:
Halafu binti naye anaondolewa kwa udanganyifu. Hapana. Huyo bibi asiende peke yake, asimamiwe na chama. Kama kadi zilikuwa zinaunganishwa shamba zima na wasimamizi wanaona, hilo linasemwa mezani kama mazoea ya shamba zima, lisiachwe kuwa wizi wa bibi mmoja. Bila wewe kusema ulichokiona mizani, chama hakina shahidi. Soda unaweza kuirudisha, ushahidi ukishapita umepita. Huko kwenu kuna tawi la chama?

KaraniKijani:
Lipo. Mwenyekiti ni wa kumi na moja kwenye orodha.

BintiIgowole:
Mtunga chai angemweka wa kwanza. Nimeanza kukuamini kidogo.

WakiliWaKijiweni:
Basi vizuri, ana sababu ya kukusikiliza. Nenda kwake leo kabla hajasikia kwa mwingine.

KaraniKijani:
Tatizo ni kwamba mambo ya kuunganisha kadi yeye ndiye aliyenifundisha.

WakiliWaKijiweni:
Mtakuwa na mengi ya kuongea. Nenda.