Kutoka Dar kwenda hifadhini na IST, watoto wawili na bibi yao: Mikumi, Saadani au Nyerere?

Mama Nuru wa Kimara:

Habari za jioni ndugu zangu. Naombeni ushauri wa watu waliokwenda wenyewe.

Shule zikifunga mwezi wa sita, mama mkwe anakuja kutoka Liwale kukaa nasi. Wanangu, mmoja yuko darasa la nne na mdogo yuko chekechea, tembo wamemuona kwenye televisheni tu. Bibi yao amewaona mpaka amewachoka. Walikuwa wakiingia shambani usiku, asubuhi mnakuta mihogo imeng'olewa na migomba imelazwa. Nilipomwambia tunataka kuwapeleka watoto hifadhini aliniuliza kwa nini tutoe pesa kwenda kumtazama mwizi. Ila amekubali kwenda, mradi asipandishwe milima, maana magoti yanamsumbua.

Gari letu ni IST, gari dogo la chini. Mume wangu ana Jumamosi na Jumapili peke yake. Naona Mikumi, Saadani na Nyerere zote zinatajwa kuwa karibu na Dar. Kwa watu wa namna yetu ipi inafaa? Na je, IST inaingia? Kuna mtu kaniambia nisipoteze hela, eti Mikumi wanyama unawaona bure barabarani ukiwa ndani ya basi la Iringa.

Binti Rufiji:

Dada, mimi kwetu Kibiti kwa hiyo ningependa sana mje Nyerere. Ila kwa IST na siku mbili, hapana. Lami mnaiacha Kibiti, halafu ni barabara ya vumbi kwa saa kadhaa mpaka Mloka, kijiji kilicho jirani na lango la Mtemere. Mtafika mmechoka, na kesho yake mnaianza safari ileile kurudi. Hifadhi yenyewe ni kubwa mno, kilomita za mraba 30,893 tangu ilipomegwa kutoka Pori la Akiba la Selous mwaka 2019. Ipeni siku tatu na gari la juu. Siku mkiweza, mpandisheni bibi boti kwenye mto Rufiji. Pale magoti hayahusiki, mtu amekaa tu, viboko na mamba wanapita mbele yake.

Pwani Tulivu:

Mimi naitetea Saadani. Hakuna hifadhi nyingine ya taifa Tanzania ambayo pori la tembo na twiga linaishia kwenye mchanga wa Bahari ya Hindi. Watoto wanaogelea, bibi anakaa kivulini, jioni mnaenda kutazama wanyama. Kuna mto Wami wa kupita kwa boti, na ufukwe wa Madete ambako kasa wanakuja kutaga. Toka Bagamoyo upite Makurunge.

Mzee wa Usukani:

Mama Nuru, salaam. Nimeendesha wageni kwenye hifadhi za kusini na mashariki sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, sasa nimepumzika. Nakujibu kama ningemjibu binti yangu: nendeni Mikumi. Na msiiunganishe na hifadhi nyingine.

Ndugu wa Pwani Tulivu hajakosea, Saadani ni nzuri na kwa mtu anayetaka bahari ndiyo kwenyewe. Lakini wanyama wake unawatafuta zaidi, na masika ikiwa ndiyo kwanza imeisha, ule udongo mweusi wa kule hauna urafiki na gari la chini. Watoto wako wanataka tembo. Mikumi tembo yupo, na nyati, twiga, pundamilia, nyumbu, viboko, na kwa subira simba.

Sasa hilo la kuona bure barabarani. Naliona mara nyingi na linanikera kwa sababu linawanyima watu kitu chao. Ni kweli barabara kuu ya kwenda Iringa na Tunduma inakata katikati ya hifadhi, kama kilomita 50 hivi. Utaona swala pala, utaona nyani, mara nyingine tembo kabisa. Lakini pale huwezi kusimama ukatulia, nyuma yako kuna lori la kontena linakuja. Mtoto ataona mgongo wa twiga kwa muda wa kupepesa jicho, kisha atauliza "yuko wapi?" na ameshapita. Ndani ya hifadhi unazima injini. Tofauti yote iko hapo. Ukizima injini na kukaa kimya, wale swala waliokuwa wameinua vichwa wanarudi kula, ngiri anatoka na watoto wake, na mnaanza kuona wanavyoishi, siyo wanavyokimbia. Bonde la Mkata ni tambarare pana, milima ya Uluguru upande mmoja na ya Rubeho upande wa pili. Asubuhi mapema likiwa na ukungu unaoinuka, sijaona mtoto aliyelitazama akakumbuka simu.

Wafundishe watoto kazi ya macho kabla ya kufika. Twiga akisimama amekaza macho upande mmoja bila kutafuna, angalieni anakotazama yeye, msimwangalie yeye. Swala wote wakielekeza nyuso sehemu moja, vivyo hivyo. Tai wakiwa wametua kwenye mti mmoja, pana mzoga karibu. Na mkipishana na gari lingine simamisheni muulizane, ndiyo desturi ya kule na hakuna anayenyima habari.

Safari yenyewe ningeipanga hivi. Jumamosi tokeni Kimara mapema bila kukimbizana. Kibaha, Mlandizi, Chalinze, Morogoro, kote kuna vibao vya 50 na tochi za trafiki, kwa hiyo kukimbia hakukupunguzii muda. Kuleni chakula cha mchana Morogoro. Kisha mvuke hifadhi mchana kweupe, mkalale mji wa Mikumi, ambao kwa mtu anayetokea Dar uko ng'ambo ya hifadhi. Jumapili saa 12 asubuhi lango likifunguliwa muwe pale. Wanaotoka Dar usiku ili waingie siku hiyohiyo hufika getini saa nne au saa tano, jua kali, simba amelala kichakani na watoto wamelala kwenye siti. Saa tatu za mwanzo za asubuhi zinazidi mchana mzima.

Kuhusu IST. Kukiwa kavu, barabara kuu za ndani za upande wa Mkata na bwawa la viboko inapita. Msiingie vinjia vya pembeni, na muwaulize askari wa getini hali ya siku hiyo, wao ndio wanajua wapi pana tope. Ila mwezi wa sita kuna jambo lingine: mvua zimetoka kuisha, majani bado marefu, na ukiwa umekaa chini ndani ya IST majani yanakuwa ukuta. Mngekuwa mnaenda Septemba, majani yamekauka na wanyama wamejikusanya kwenye maji machache yaliyobaki, ningesema nendeni na IST yenu bila wasiwasi. Kwa Juni, ushauri wangu ni kuiacha IST pale mnapolala na kukodi gari la safari kwa asubuhi hiyo moja. Wenye magari wapo mji wa Mikumi. Mwambieni mwenye gari mapema kwamba kuna mzee mwenye magoti, alete kistuli cha kukanyagia. Akishapanda ameshapanda, na ataona kuliko wote. Kama shule zinawaruhusu, sogezeni safari mpaka mwishoni mwa Juni, ila kaeni mbali na Saba Saba, watu huwa wengi.

Malipo ni kwa shilingi, kiwango cha raia, tofauti kabisa na anacholipa mgeni wa nje. Chukueni vitambulisho vya NIDA, cha bibi pia. Mtapewa namba ya malipo mlipe kwa simu au benki, kwa hiyo pesa iwe tayari kwenye simu. Gari linalipiwa peke yake. Mtoto ambaye hajafika miaka mitano halipiwi, huyo wa chekechea angalieni umri wake.

Mtaa wa Pili:

Na Udzungwa je? Si iko hapohapo karibu na Mikumi?

Mzee wa Usukani:

Iko karibu, unakata kushoto pale mji wa Mikumi unafuata barabara ya Kidatu mpaka Mang'ula, kama kilomita 65. Naipenda kuliko nyingine zote. Lakini Udzungwa haina barabara za magari ndani, ni ya miguu. Maporomoko ya Sanje yana mita 170 na njia yake inapanda. Kuna mbega mwekundu ambaye haishi mahali pengine popote duniani ila Udzungwa na misitu ya jirani, na nyani wa Sanje ambaye wanasayansi hawakumjua mpaka mwaka 1979, ingawa wenyeji walikuwa naye siku zote. Safari hiyo iwekeni akiba mpaka huyu mdogo awe na miguu ya kupanda mwenyewe. Kumpeleka bibi mwenye magoti mpaka mlangoni na kumwacha akisubiri siyo haki.

Mama Nuru wa Kimara:

Shikamoo mzee. Nashukuru sana, nimemsomea mume wangu yote na tumekubaliana, Mikumi wiki ya mwisho ya Juni. Dada wa Kibiti na wewe wa Saadani asanteni, nimeziandika pembeni kwa siku nyingine.

Mzee nina maswali ya mama. Chakula na choo inakuwaje na mtoto mdogo? Na mama mkwe, kusema kweli, naogopa akimuona tembo karibu atashtuka. Kule kwao kulikuwa na jirani aliyeuawa na tembo akitoka shambani. Hasemi sana lakini najua.

Mzee wa Usukani:

Marahaba mwanangu.

Choo, maliza kabla ya kuingia, hapo getini. Ndani hamruhusiwi kushuka garini popote mnapotaka, ila bwawa la viboko kuna sehemu ya kushuka na kula. Laleni na chakula kimeshapikwa, asubuhi mnakipasha na kukipakia. Kiwe kwenye vyombo vyenye mfuniko, maana nyani wanajua kazi yao, na mifuko ya plastiki ni marufuku nchi nzima tangu Juni 2019. Maji mengi. Nguo za rangi nyepesi, msivae nyeusi wala bluu iliyokolea: kwenye miombo kuna mbung'o na rangi hizo zinawaita. Bibi kama ana kaniki, siku hiyo ajifunge khanga nyeupe. Mkiingia kwenye miti pandisheni vioo mpaka mtokee tambarare.

Ombi moja nawaomba sana, na waambie watoto. Msirushe ganda la ndizi wala hindi dirishani mnapovuka ile barabara. Watu wanaona wanamfurahisha nyani. Nyani akishazoea kula barabarani anakaa barabarani, analeta na watoto wake, na malori hayana breki za kumhurumia. Nimewakuta wamelala pale lami asubuhi nyingi, mama na mtoto amemshika. Vibao vya mwendo vimewekwa, na anayegonga mnyama anatozwa faini, lakini faini haimrudishi. Mume wako ashike mwendo wa kibao hata kama basi linampigia honi, na kuvuka usiku msijaribu, tembo ni mkubwa lakini gizani humuoni mpaka amekufikia.

Sasa bibi. Usimlazimishe na usimfiche. Mwambie dereva wa gari mtakalokodi, kabla hamjaondoka, kwamba mama huyu ameishi na tembo na ana sababu ya kuwaogopa. Dereva mzuri atamweka tembo mbali, atazima injini akiwa ameshageuza gari lielekee njia ya kutokea, na atamweleza bibi anachokiona: masikio yakipepea taratibu mnyama ametulia, yakipanuliwa na kichwa kikainuliwa, tunaondoka. Na dereva akitaka kuwasogeza karibu ili watoto wapige picha, wewe ndiye useme hapana.

Halafu mpe bibi kazi. Kwenye gari zima hakuna anayemjua tembo kama yeye. Mkiwa njiani kwenda Morogoro, mwombe awaeleze wajukuu walivyokuwa wakilinda shamba usiku, walipiga nini, waliwasha nini, tembo alikuwa akija kwa njia gani. Wageni niliowaendesha walisoma vitabu vingi, ila mtu wa Liwale anakuambia tembo amepita saa ngapi kwa kuangalia kinyesi. Na awaambie pia hasara. Watoto wa mjini wanakua wakidhani mnyama ni picha nzuri tu, hawajui kuna familia inayolala na njaa ili yule mnyama awepo. Wakilijua hilo wakiwa wadogo watakuwa watunzaji wazuri zaidi. Ukifika Mikumi muulize muongozaji habari za kamba za pilipili na mizinga ya nyuki inayozungushiwa mashamba ili tembo wasiingie, bibi anaweza kurudi nalo kijijini.

Jumapili msikae ndani kupita saa tano. Tokeni, kuleni, muanze kurudi, maana kuanzia Chalinze jioni ya Jumapili foleni ya kuingia Dar ni ndefu. Ukirudi tuandikie hapa bibi alisema nini.